Kidoti Chini ya Sikio

Mchoraji wa kasri hakuruhusiwa kuwaona wake za wakubwa. Mume humweleza sura ya mkewe, naye huchora kwa kusikia tu. Ndivyo ilivyochorwa picha ya Bibi Mahiruhi, ndogo kama kiganja, uso umegeuzwa upande, ua mkononi.

"Ni wewe mtupu," mumewe alisema.

Mahiruhi aliisogeza dirishani. Pua yake. Nyusi zake. Lakini chini ya sikio, pale nywele zinapofunika, palikuwa na kidoti cheusi. Yeye hakuwa na kidoti.

"Na hiki, bwana?"

"Aa, mchoraji kanogesha tu," alijibu haraka mno.

Alasiri Mahiruhi aliwakusanya wanawake wote wa nyumba, akaipitisha picha mkono kwa mkono, macho yake kwenye shingo zao. Kwa joto lile, kila mmoja alikuwa amefunga nywele juu, isipokuwa Nargisi, mke wa shemeji yake.

"Umetoka vizuri, dada," Nargisi alisema bila kuitazama sana.

Mahiruhi alichukua kitana, akapigapiga mkeka mbele yake.

"Njoo nikusuke, mdogo wangu. Utakufa na joto."

Nargisi alizishika nywele zake kwa mikono miwili.