Tanga Lisiloanuliwa

Sheria haikuwa na mchezo: tanga halianuliwi mpaka wafiwa wote waamini jambo moja kuhusu alikokwenda marehemu. Hadi hapo mlango wa nyumba haufunguki, na uongo mlango huo uliutambua kama ulimi unavyotambua chumvi.

Tangu Makame afariki, mwaka wa pili sasa, mkewe Siwatu alikuwa amefungiwa ndani pamoja na wifi yake, Mwanakombo. Mikeka ya msiba ingali sebuleni.

"Kaka yangu yuko peponi," alisema Mwanakombo. "Kapumzika na balaa lako."

"Yuko udongoni, wifi. Kafa, kaisha. Na wewe niondokee!"

"Mchawi mkubwa!"

Siwatu akamvurumishia bakuli la uji. Mwanakombo akajifuta ushungi.

"Huko aliko, anatucheka."

"Anatucheka kweli!" Siwatu alifoka kabla hajajizuia. "Lini aliacha kutucheka?"

Komeo likafyatuka. Mlango ukafunguka wenyewe, upepo wa barabarani ukaingia.

Hakuna aliyeinuka. Walibaki mikekani, wamesogeleana bila kujijua, wakitega masikio wasikie kicheko kinatokea upande gani.