Aliyefyeka Nyasi za Avelina

Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Mbinga na manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Kilian alichuchumaa katikati ya mibuni yake, rozari mfukoni, akimvizia mwanamume anayemfyekea mkewe nyasi.

Msicheke. Umatengoni jambo hilo si dogo. Shamba la ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani, lina sheria yake: mume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, mke huja nyuma kuzifukia kwa udongo. Kilian alikuwa ziwani, Ngumbo, kwenye biashara yake ya dagaa, ambako hulala siku nne kila wiki. Safari hii mwenyeji wake kule alikuwa amesafiri, naye akarudi mapema. Akakuta nusu ya shamba imekwisha kufyekwa na kupangwa.

"Nani amefyeka?" alimwuliza mkewe.

"Mwenye nafasi, Baba Jacqueline," Avelina alijibu, akaendelea kupepeta maharage ya mbegu.

Katika ukoo mzima, mwenye nafasi alikuwa mmoja tu: Erasmo, mdogo wake Kilian, aliyefiwa na mke na kuzidisha sifa kwa mboga za shemeji yake. Mtu waliyenyonya naye ziwa moja!

Kilian alisali. Alikumbuka kwamba Mtakatifu Yosefu, ambaye sikukuu yake ilikuwa kesho, alitaka kumwacha mkewe kwa siri. Yeye, kwa kuwa si mtakatifu, aliita mashahidi: katekista Clemence na Mama Bonifasia, mwenyekiti wa jumuiya.

Sasa goti lilimuuma. Miaka hamsini na sita, kitambi, na siafu ndani ya suruali: alijiona kama ngedere mzee aliyesahau alichokuja kuiba.

"Yule pale," Mama Bonifasia alinong'ona.

Ndani ya ukungu, mtu mwenye kofia aliinamia nyasi. Mundu ulikwenda shwa, shwa.

"Kavaa mpaka koti langu!" Kilian alisaga meno.

"Shikamoo, kaka," sauti ilisema nyuma yake. "Tunamvizia nani?"

Kilian aligeuka. Erasmo alikuwa amechuchumaa kando ya katekista, anatafuna muhogo.

"Wewe si uko kule?"

"Niko hapa, kaka. Katekista kasema mashahidi wawe watatu."

Kilian akamshukuru Mungu kwa kuunusuru ukoo. Kisha akasikia mundu bado unafyeka. Akachomoka mibunini.

"Wewe mwizi wa ndoa za watu! Geuka! Ahidi mbele ya hawa kwamba umeacha!"

Mtu yule aliinuka taratibu, akavua kofia. Nywele zilikuwa za kusukwa. Nyuma yake Avelina alitokeza na jembe begani.

"Ahidi tu, dada," Avelina alisema. "Mashahidi kawaleta mwenyewe."

Mwanamke akainua mkono wenye mundu.

"Mimi Lidia wa Ngumbo naahidi mbele ya Mungu na ninyi nyote: Kilian halali tena kwangu, na siku zote nilizomnyima mkewe mwanamume wa kufyeka, nitazifyeka mimi mpaka zitimie."