Kadi ya Dola

"Tumia kadi ya marehemu baba yako," mke wangu alisema. "Ni ya dola. Ukilipia hoteli za nje, hukatwi ada ya kubadilisha fedha."

Herufi za jina la baba kwenye kadi zilikuwa zimelika pale alipozoea kuweka kidole gumba. Nilinakili namba, nikaigeuza kadi kifudifudi, nikabonyeza "Lipa".

Tovuti ikasema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mwenye kadi. Simu ile nilidhani ilishakufa kabatini kwa mama.

Kabla sijafunga kompyuta, mama akapiga.

"Mwanangu, simu ya baba yako imelia. Mimi huwa naichaji, siwezi kuiacha izime." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Benki wanasema analipia hoteli. Iko wapi hiyo hoteli, mwanangu?"