Karatasi Mlangoni

Nilisikia kwamba kwenye meli za abiria kuna mtu hupita akijaribu vitasa vya vyumba. Maneno hayo yalinikaa akilini, lakini tulichukua vyumba viwili vinavyotazamana, chetu na cha watoto.

"Hata wakipiga chafya utawasikia," baba yao alinicheka nilipomwambia naogopa.

Milango yote ilifanana. Ili mdogo asipotee, nikabandika karatasi kwenye mlango wao: KIBONGE, jina tunalomwita nyumbani, kwa rangi nyekundu.

Asubuhi nilikuta mlangoni selotepu na ncha ya karatasi tu. Ndani, dada yake alikuwa peke yake, anavaa soksi.

"Mjomba mmoja wa shati jeupe kaja kumchukua. Kamwita Kibonge, mama, nikajua umemtuma wewe."

Wenzangu wenye watoto:
Usiwalaze chumba chao peke yao.
Usibandike jina la mtoto mlangoni.
Usikubali kuchekwa ukanyamaza.