Wastani wa Salhina

Siku hizo watu walisikiana kupitia vifaa vya masikioni tu, na aliyenyamaza alijaziwa jibu kulingana na wastani wa maneno aliyozoea kusema. Salhina mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta ya takwimu, kijiprogramu kilichojaza majibu hayo.

“Mke mwenzio atahamia humu Ijumaa,” mumewe, Kombo, alisema huku akimega ugali. “Umeridhia?”

Salhina akamnunia. Masikioni mwao sauti yake ikajibu, laini: “Sawa, mume wangu.”

“Siridhii,” akafoka, akaisukumia mbali sahani. “Akikanyaga humu, mimi natoka.”

Lakini tangu aolewe hakuwahi kumkatalia Kombo jambo. Kijiprogramu chake cha pili, cha kuondoa data zilizo mbali na wastani, kikayafuta maneno hayo yasimfikie.

Kombo akanawa mikono, akatabasamu. “Nilijua huna neno.”