Mtutu Mpya wa Lugendo

Nyamizi aliielekeza tena bunduki ya mdogo wake dirishani, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani ya ule mtutu mpya. Ufa ulikuwa palepale, mwembamba kama unywele, karibu na mahali risasi inapokaa. Tangu ujana wake alikuwa akiwatengenezea bunduki wawindaji wa mji ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchosha kama Lugendo.

"Huu ni ufa, nimekwambia. Siku moja utakupasukia usoni."

"Ni mkwaruzo, dada. Aliyeniuzia amesema mtutu huu ni imara kuliko ule wa kiwandani."

"Na siku ya kufyatua, atakuwepo yeye?"

"Nguruwe wanamaliza mihogo yangu, wewe unanihubiria ufa." Lugendo akaichukua bunduki yake. "Nimeshaipiga mara mbili, na mzima niko hapa."

Nyamizi akamfuata mpaka uani, akamwonyesha kichuguu kilichokuwa mbele yao.

"Haya, piga pale, nami nione."

Lugendo akatia risasi, akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki. Ndipo dada yake alipomsogelea, akainama, akaliweka shavu lake karibu kabisa na la mdogo wake.

"Dada, sogea huko."

"Nisogee kwa nini?"

Nyamizi alizisikia pumzi za Lugendo zikienda mbio. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, hakivuti wala hakiondoki.

"Piga basi," akasema, naye hakusogea.