Jina la Aikande

Siku hizi ultrasaundi hubaini hata kasoro ambazo zamani madaktari walizisoma vitabuni tu. Lakini sheria inakataza mjamzito kuambiwa majibu, ila jinsia ya mtoto tu, kabla hajajifungua, asije akapata mshtuko. Huambiwa mumewe na wakwe zake.

Nsia alipimwa asubuhi. Mchana mumewe, Eliufoo, akarudi kutoka hospitali na mama yake, Aikande, aliyekwenda moja kwa moja jikoni kupika mtori wa ndizi na nyama.

Tangu ijulikane kuwa mtoto ni wa kike, mama huyo hakumpa Nsia nafasi ya kupumua. Kwao binti wa kwanza hurithi jina la mama yake baba, basi. Nsia alitaka Upendo, na kwa ajili hiyo walikuwa wamenuniana mwezi mzima.

Leo aliletewa bakuli mpaka mkononi.

"Kula, mwanangu."

Nsia akaona aibu. "Mama, yaishe. Tumwite Aikande."

Mama mkwe akavuta kanga, akajifuta uso.

"Hapana, mwanangu. Mpe hilohilo ulilolitaka."

Nsia akamgeukia Eliufoo. Alikuwa ameinama, anapuliza mtori uliokwisha kupoa.